Upepo wa pikapu ya mzigo: mizani kwanza, geji baadaye

"Fundi, nyuma niwekee hamsini na tano."

"Bosi, hili gari la mzigo. Nakupigia sabini, mwenyewe utanishukuru."

Mabishano haya nimeyarudia kwenye vijiwe vya pancha kuanzia Njombe hadi Chalinze, na kila fundi ana namba yake aliyoirithi kwa aliyemfundisha kazi. Mmoja anaweka arobaini kote, mbele na nyuma, gari liwe na mzigo au liwe tupu. Mwingine anaukanyaga ubavu wa tairi kwa kisigino, anatikisa kichwa, kisha anaongeza "kidogo". Siwalaumu. Upepo sahihi unatokana na uzito ulioikalia ekseli siku hiyo, na uzito huo fundi hana njia ya kuujua kwa kuliangalia gari.

Mwenye gari dogo hahitaji kusumbuka sana. Abiria wanne na mabegi havibadilishi mambo mengi, kwa hiyo namba moja ya kiwandani inamtosha mwaka mzima. Pikapu ya kazi nzito ni mnyama mwingine. Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser yangu ya kebini moja inabeba kilo 980 ikiwa tupu, na karibu kilo 2,000 ikitoka shamba na viazi. Uzito umezidi maradufu, tairi ni lilelile. Ndiyo maana pikapu haina upepo mmoja. Ina angalau miwili, na yote miwili unaweza kuipata mwenyewe kwa nusu siku ya kazi.

Kabla ya kuanza, tukubaliane jambo moja: kinachobeba mzigo ni hewa. Mpira na nyaya za ndani kazi yake ni kuizuia hewa isitoroke. Hewa ikipungua, ubavu wa tairi unakunjika zaidi kila gurudumu linapozunguka, na kila mkunjo unazaa joto. Joto hilo ndilo linaloachanisha mpira na nyaya za chuma zilizo chini ya kashata, yaani ule mpira wa juu unaokanyaga barabara, hadi siku moja kashata inabanduka nzima barabarani. Dereva husema tairi limepasuka ghafla, kumbe lilikuwa linaungua ndani kwa ndani kwa saa kadhaa. Mwaka 2000 Firestone ilirudisha kiwandani matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka na magari kupinduka. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, lakini mjadala mkubwa ukawa pia juu ya upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26 (psi ni kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba), namba ya chini kwa gari la kimo kirefu kama lile linalokimbia kwenye joto na familia nzima ndani. Kutokana na sakata hilo Marekani ikatunga sheria iliyoleta ile taa ya upepo unayoiona kwenye dashibodi za magari mapya.

Hatua ya 1: Soma mlango, kisha soma ubavu wa tairi

Fungua mlango wa dereva utafute kibandiko cha upepo. Kwenye magari yaliyotoka Japani huenda kimeandikwa kwa kPa au kwa kilo kwa sentimita ya mraba, na yaliyotoka Ulaya kwa bar. Geji za mtaani ni za psi. Kubadilisha ni rahisi: kPa igawe kwa 6.9, bar izidishe kwa 14.5, ile ya kilo izidishe kwa 14.2. Kibandiko kikisema 2.4, wewe soma psi 34 au 35. Nimeshakutana na kijana aliyeiona 240 akadhani kibandiko kimekosewa.

Kibandiko kikiwepo, na matairi yakiwa ya saizi ileile iliyotoka na gari, namba hizo ndizo sakafu yako. Usishuke chini yake ukiwa barabarani kwa mwendo wa kawaida. Tatizo ni kwamba pikapu nyingi tulizonazo zimeshapakwa rangi mara mbili, kibandiko kimezikwa, au mwenye gari alibadilisha saizi ya tairi zamani. Kibandiko hakijui habari za tairi jipya ulilofunga.

Sasa inama usome ubavu. Kuna vitu vitatu vya kutafuta.

Cha kwanza ni aina. Herufi LT mwanzoni mwa saizi, au C mwishoni, zinamaanisha tairi la mzigo. Tairi lisilo na herufi hizo, au linaloanza na P, ni la gari dogo hata kama limeingia kwenye rimu vizuri. Wamarekani wana utaratibu kwamba tairi la gari dogo likifungwa kwenye pikapu, uwezo wake wa kubeba unagawanywa kwa 1.1. Mimi ninasema usilifunge kabisa kama unabeba mzigo.

Cha pili ni plai, yaani matabaka ya tairi, inayoonyeshwa kwa herufi ya Load range. Load range C ni plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10. Usidhani ukilikata utahesabu matabaka kumi. Siku hizi namba hiyo ni kipimo cha uimara tu. Lakini inaamua kikomo cha upepo: tairi la LT la saizi za kawaida likiwa la C linafika psi 50, la D psi 65, la E psi 80.

Cha tatu ni namba ya uzito. Ukiona 120/116, ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake kila upande, ya pili ni ya matairi pacha kama ya Canter nyuma. Namba hizi ni msimbo. 112 ni kilo 1,120. 116 ni kilo 1,250. 120 ni kilo 1,400. 123 ni kilo 1,550. Karibu na hapo kuna maandishi madogo yanayotaja mzigo wa juu kabisa na upepo unaoendana nao tairi likiwa baridi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza: wanaisoma ile psi 80 wakidhani ndiyo amri ya kiwanda. Maana yake ni kwamba ukitaka tairi hili libebe mzigo wake wote, ulipe psi 80. Hujafika mzigo huo, huna haja ya kulipa bei hiyo.

Ukiwa bado umeinama, angalia tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi halitaokolewa na upepo wowote.

Hatua ya 2: Nunua geji yako

Siku moja nilipima tairi moja kwa geji tatu kwenye kituo kimoja cha mabasi. Ya kwanza ilisema 52, ya pili 58, ya tatu 60. Zote ni za mafundi wa kweli, wanaofanya kazi kila siku. Geji ya kijiweni inaanguka, inakanyagwa, inalala kwenye vumbi, na hakuna anayeilinganisha na nyingine. Nunua yako, ikae kwenye kitambaa ndani ya sanduku la kebini, ifike angalau psi 100. Hata ikikosea kwa psi moja, itakosea vilevile kila siku, na hilo linavumilika. Kompresa tumia ya fundi, kipimo kiwe chako.

Angalia pia valvu. Valvu fupi za mpira za magari madogo zina kikomo cha psi 65. Nimeona pikapu yenye matairi ya plai 10 imefungwa valvu hizo na kujazwa 75. Kwenye joto la Ruaha Mbuyuni si ajabu ikianza kuvuja shinani. Ukitarajia kupita 60 waombe wakufungie za chuma, au za mpira zilizotengenezwa kwa upepo mkubwa. Na kifuniko cha valvu si urembo. Vumbi likiingia, kile kipini cha ndani hakifungi sawasawa.

Kuhusu naitrojeni, ambayo baadhi ya maduka ya matairi mjini yanaiuza kwa bei ya kuchekesha: hewa unayoivuta sasa hivi tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Weka fedha yako kwenye geji.

Hatua ya 3: Peleka gari kwenye mizani

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye jibu.

Mizani ya barabara kuu, kama ya Wenda, Mikese au Vigwaza, ipo kwa ajili ya magari ya kuanzia kilo 3,500, kwa hiyo pikapu kwa kawaida inapita bila kuitwa. Tafuta mizani ya watu binafsi: maghala ya nafaka, viwanda vya mbao, wanunuzi wa vyuma chakavu, viwanda vya kuchambua pamba kwa walio kanda ya ziwa. Nenda saa ambayo hakuna foleni, ongea vizuri na mpimaji, atakupimia kwa fedha ya soda.

Nenda mara mbili: siku moja ukiwa tupu, siku nyingine ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Tanki liwe limejaa, dereva na utingo wawe wamekaa kwenye viti vyao. Kila safari pima namna tatu. Panda na magurudumu ya mbele tu, simama, soma. Sogea gari zima liingie, soma. Kisha endelea mpaka mbele itoke na ya nyuma ibaki, soma. Mbele ukijumlisha na nyuma ikupe karibu sawa na gari zima. Ikipishana sana, sehemu ya kuingilia haiko sawa na jukwaa, rudia taratibu.

Yangu ilikuwa hivi. Tupu: mbele kilo 1,260, nyuma kilo 980, jumla 2,240. Halafu nikarudi na magunia tisa ya viazi. Mwenye viazi alikuwa ameniapia, "Kaka, gunia ni mia, labda na vikilo viwili vitatu." Mizani ikasema mbele 1,320, nyuma 1,980, jumla 3,300. Toa 2,240 kwenye 3,300, unabaki na 1,060. Gawa kwa tisa, kila gunia lilikuwa karibu kilo 118. Lumbesa ile ile tunayoilalamikia sokoni, ilikuwa inaniongezea zaidi ya kilo 150 juu ya springi bila mimi kujua, na ilikuwa imenifikisha ukingoni mwa uzito ambao kiwanda kimeruhusu kwa gari langu. Hapo upepo hauna msaada. Ukijaza psi 80, ekseli, breki na fremu vinabaki na uwezo uleule.

Angalia jambo jingine kwenye hesabu zile: katika kilo 1,060 zilizoongezeka, kilo 1,000 zilikwenda nyuma, na mbele ikapata 60 tu. Kwa hiyo unapopakia, matairi ya mbele karibu hayana habari. Wanaoongeza psi 15 pande zote kwa sababu "gari limejaa" wanaifanya mbele iwe ngumu bure, usukani unakuwa mwepesi wa kuchezacheza na breki inashika vibaya kwenye lami iliyolowa.

Hatua ya 4: Geuza kilo ziwe psi

Gawa uzito wa kila ekseli kwa mbili. Kwangu nyuma ikiwa na mzigo ni kilo 990 kwa tairi, mbele ni 660. Nyuma tupu ni 490.

Watengenezaji wa matairi wana majedwali yanayoonyesha kila saizi inabeba kilo ngapi kwa kila upepo. Marekani yanatolewa na Tire and Rim Association, Ulaya na ETRTO, Japani na JATMA, na kampuni nyingi huyaweka kwenye tovuti zao. Nimefunga LT245/75R16 ya plai 10, saizi ambayo utaikuta kwenye pikapu nyingi. Jedwali lake, kwa tairi moja kila upande, nimelikadiria kwenda kilo hivi:

psi 35: kilo 770
psi 40: kilo 845
psi 45: kilo 920
psi 50: kilo 1,000
psi 55: kilo 1,060
psi 60: kilo 1,125
psi 65: kilo 1,190
psi 70: kilo 1,255
psi 80: kilo 1,380

Kilo 990 zinatoshea kwenye psi 50, kwa kubanana. Usikubali kubanana. Mizani imekupa uzito wa ekseli, haikukuambia upande upi umeelemewa, na ukipanga magunia matano kulia na manne kushoto, tairi la kulia limeshapita 990. Barabara nayo ina mashimo na kona. Panda ngazi moja au mbili: mimi nilianza na 55. Mbele, psi 35 inabeba 770 na mimi nina 660, kwa hiyo nimetosheka na 36.

Huna jedwali? Ipo hesabu ya kijiweni. Chukua uzito ulio kwenye tairi moja, gawa kwa mzigo wa juu ulioandikwa ubavuni, zidisha kwa psi iliyoandikwa pamoja nao. Kwangu ni 990 gawa kwa 1,380, mara 80, jibu 57. Jedwali lilitaka 50. Hesabu hii kawaida inatoa namba kubwa kuliko ya jedwali, na hilo ndilo kosa ninalolipenda, maana limeegemea upande wa usalama. Ila usiitumie kwa gari tupu. Itakupa namba ndogo kuliko ya kibandiko na utajidanganya.

Kama saizi ya tairi imebadilishwa lakini kibandiko bado kinasomeka, tafuta tairi la zamani lilikuwa linabeba kilo ngapi kwa upepo wa kibandiko, kisha upate upepo unaoliwezesha tairi jipya kubeba angalau kilo hizohizo. Hiyo ndiyo sakafu yako mpya.

Hatua ya 5: Jaza asubuhi

Namba zote nilizotaja ni za tairi baridi. Baridi maana yake gari limelala, au limesimama kivulini saa tatu, au limetembea kilomita moja au mbili kufika kwa fundi. Ukifika kwa fundi umetoka mbali na geji ikasoma 66, usipunguze ili "irudi" 60. Utakuwa umelilaza tairi na njaa: likipoa litasoma 54 hivi na mzigo bado uko juu.

Hali ya hewa nayo ina lake. Kwa tairi lenye psi 60, kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka zinaleta psi mbili na nusu hivi. Jambo hili liliwahi kunichanganya kwa sababu ninaanzia Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, alfajiri ikiwa na nyuzi 8, na kuishia Dar es Salaam kwenye nyuzi 28. Joto linaongeza kama psi tano. Lakini ukishuka kutoka mlimani, hewa ya nje inakuwa nzito na kuibana geji, na hilo linapunguza kama psi tatu. Mwisho wa safari tairi likipoa linasoma karibu mbili zaidi ya lilivyosoma Njombe. Acha hivyohivyo. Anayetakiwa kuwa macho ni yule anayejaza Dar mchana wa jua kali na kulala Makete mwezi wa saba, ambako Kitulo kuna asubuhi za jalidi. Huyo apime tena akiamka.

Usipime pia ukiwa umetoka kushuka mteremko wa Kitonga. Breki zilizowaka zinapasha rimu, rimu inapasha hewa, na geji itakusomea upepo wa breki.

Kwa wenye rimu za zamani zenye pete ya chuma ya kufungia: asisimame mtu mbele ya gurudumu wakati wa kujaza, wala fundi asiiguse pete kabla ya kutoa upepo wote. Pete ile ikiruka haichagui.

Hatua ya 6: Liulize tairi lenyewe

Jedwali limekupa pa kuanzia. Sasa kuna majaribio mawili, na la pili ndilo ninaloliamini zaidi.

La kwanza ni la chaki. Chora mstari mnene kukatiza kashata, kutoka bega hadi bega, kwenye matairi yote manne. Endesha mita 200 hivi kwenye lami iliyonyooka, bila kukata kona, kisha shuka uangalie. Chaki ikifutika sawasawa, upepo unaendana na mzigo. Ikifutika katikati tu na mabegani ikabaki, umezidisha. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umepunguza. Utingo wangu siku hizi hahitaji chaki. Anachovya kidole kwenye vumbi la kashata tukisimama kununua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kunipa taarifa. Tahadhari moja: gari likiwa tupu, chaki itakwambia ushuke na kushuka, kwa sababu ubavu wa plai 10 ni mgumu. Ukifika kwenye namba ya kibandiko, simama hapo hata kama katikati bado panafutika zaidi.

La pili ni la joto. Pima baridi alfajiri, uandike. Endesha na mzigo kamili kwa mwendo wako wa kawaida, kilomita 40 hadi 60 za lami, simama, upime papo hapo. Upepo utakuwa umepanda, na kiasi kilichopanda kinakueleza tairi linateseka kiasi gani. Madereva wa Australia, ambao wanazijua Land Cruiser na barabara ndefu, wana kanuni yao ya kupanda psi 4 kwa magari yasiyobeba sana. Kwa mzigo mzito na upepo mkubwa mimi ninatazama asilimia: ikipanda karibu kumi kwa mia, vizuri, ikikaribia kumi na tano, tairi linakunjika mno, ongeza psi tatu hadi tano kesho asubuhi, ikiwa haipandi kabisa, labda umejaza kupita kiasi.

Nilianza na 55 kutoka Mafinga. Iringa geji ikasoma 63. Psi nane juu ya 55 ni asilimia kumi na nne na ushee, na nilipoweka kiganja ubavuni sikuweza kuhesabu mpaka tano. Safari iliyofuata nikaweka 60, pale pale Iringa ikasoma 66. Kuanzia hapo 60 ndiyo namba yangu ya nyuma ya mzigo. Jedwali na ile ngazi moja ya juu vingeniacha kwenye 55, na fundi wangu angenipeleka 70.

Linganisha pia kulia na kushoto. Tairi moja likipanda zaidi ya mwenzake kwa psi tatu au nne wakati yalianza sawa, kuna jambo: mzigo umelalia upande, breki inashika, au kuna pancha ndogo.

Hatua ya 7: Ukishusha mzigo, shusha upepo

Hapa ndipo uvivu unapoingia, na mimi nimo. Kurudi tupu na psi 60 nyuma kunavumilika kwenye lami kavu, ila kashata ya katikati inaliwa. Kwenye vumbi lenye mikunjo kama bati, hali ni mbaya: kila tairi lina kilo 490 tu, limekuwa gumu kama jiwe, nyuma ya gari inarukaruka na wakati inaruka haishiki ardhi. Mvua ya kwanza ya mwaka mmoja niliteleza hivyo kwenye kona ya udongo mwekundu, nikaishia nimeangalia nilikotoka. Nilikuwa natembea kilomita arobaini tu kwa saa. Siku hizi nikishusha mzigo natoa upepo mpaka 38, kazi ya dakika tano kwa magurudumu mawili, na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri inanirudishia kabla ya kupakia. Ile ya kuchomeka kwenye kiberiti cha sigara itakuchosha. Tairi la saizi hii linakunywa hewa nyingi.

Kwenye mchanga au tope zito, gari likiwa tupu, 20 inafanya maajabu: tairi linalala, linakuwa refu kama unyayo, linakanyaga badala ya kuchimba. Masharti mawili. Mwendo usipite kilomita 30 kwa saa, na usikate kona kwa nguvu, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukigusa barabara ngumu, jaza kwanza. Ukiwa na magunia tisa nyuma usijaribu kushuka huko. Shusha magunia, vusha gari, pakia tena. Ndiyo, najua makuli watasema nini.

Hatua ya 8: Andika

Chukua rangi au kalamu isiyofutika, andika kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Langu limeandikwa: MBELE 36. NYUMA TUPU 38. NYUMA MZIGO 60. ASUBUHI. Tangu niandike, ubishi vijiweni umepungua nusu, kwa sababu mtu hubishana na mdomo wa dereva lakini maandishi huyaheshimu. Pima kila wiki, na kila asubuhi ya safari ndefu. Ukibadilisha matairi, ukiongeza springi, ukifunga bodi ya chuma badala ya mbao, maandishi yale yamekufa. Rudi kwenye mizani.

Spea nayo ipimwe, na iwe na ile namba ya juu, 60. Kuitoa hewa ikihitajika mbele kunahitaji ncha ya msumari. Kuitafuta saa nane usiku katikati ya mbuga ya Mikumi, huku utingo akimulika vichaka kwa tochi ya simu na kukuuliza, "Bosi, yale macho ni ya nyumbu kweli?", ni habari nyingine.